Breki, Kiti na Jasho: Historia ya Baiskeli ya Mazoezi

Baiskeli ya mazoezi ina tatizo moja ambalo baiskeli ya kawaida haina: mtu anakanyaga pedali, lakini hakuna barabara. Njiani mwendeshaji hupambana na upepo, mwinuko, mchanga na uzito wake mwenyewe, na vyote hivyo huupa mwili kazi bila fundi kuhangaika. Baiskeli ikishafungwa sakafuni, ugumu huo hauna budi kutengenezwa. Kwa sababu hiyo historia ya chombo hiki kwa sehemu kubwa ni historia ya breki yake, yaani kitu kinachozuia gurudumu, jinsi kinavyozuia, na kama kinasema kweli kuhusu kazi iliyofanyika. Suala la namna mwili unavyokaa juu yake lilikuja nyuma sana, na mpaka sasa watengenezaji wengi hulichukulia kama jambo la pembeni.

Chombo cha kwanza kinachostahili kuitwa babu wa baiskeli ya mazoezi kilitangulia baiskeli yenyewe. Mwaka 1796 Francis Lowndes, mtu aliyekuwa akitibu wagonjwa kwa umeme mjini London, alipata hataza ya mashine aliyoiita Gymnasticon. Ilikuwa ya mbao, yenye vibao viwili vya kukanyagia na mikono miwili ya kuzungusha, vyote vikiwa vimeunganishwa na magurudumu, hivyo miguu iliweza kuendesha mikono na mikono kuendesha miguu. Walengwa walikuwa wagonjwa wa jongo, wa baridi yabisi na waliopooza, pamoja na watu ambao kazi zao ziliwaweka kitini kutwa nzima. Lowndes alifika mbali kiasi cha kudai kwamba mfanyabiashara angeweza kuendelea na hesabu zake huku miguu yake ikizungushwa, hata na mtoto.

Dai hilo linaonyesha kosa ambalo limeendelea kujirudia kwa miaka zaidi ya 200. Mguu unaozungushwa na mtu mwingine hukunjuka na kunyooka, na kwa kiungo kilichokakamaa hilo lina faida; wataalamu wa tibaviungo hulifanya hadi leo. Lakini misuli haisukumi chochote, moyo hauongezi mapigo ya maana, wala pumzi haipandi. Kuzunguka ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine. Mashine ya Lowndes haikuwa na njia ya kuyatofautisha, na wala yeye hakuona haja.

Aliyeiona haja hiyo ni daktari wa Sweden, Gustaf Zander. Mwaka 1865 alifungua taasisi yake Stockholm, akaijaza mashine ambazo kila moja ilishughulikia sehemu yake ya mwili. Wazo lake kubwa lilikuwa wenzo wenye uzito unaosogezwa mbele au nyuma, ili ugumu uongezeke na kupungua kwa kufuata nguvu ya msuli katika kila hatua ya mwendo, na ili daktari aandike kiasi cha zoezi kama anavyoandika kiasi cha dawa. Mashine hizo zilionyeshwa Philadelphia mwaka 1876, na baada ya hapo taasisi za Zander zikaenea katika miji mingi ya Ulaya na Marekani. Nyingi ya mashine zake hazikufanana na baiskeli hata kidogo. Alichoacha ni fikra kwamba ugumu wa zoezi ni kitu cha kupimwa na kuandikwa, si cha kukisiwa.

Wakati huohuo baiskeli halisi ilikuwa inakua. Karl Drais wa Ujerumani alitengeneza chombo chake cha magurudumu mawili kisicho na pedali mwaka 1817. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedali kwenye gurudumu la mbele, na mwaka 1885 John Kemp Starley akatoa Rover, yenye mnyororo unaoendesha gurudumu la nyuma na magurudumu yanayokaribia kulingana. Umbo hilo la Rover, lenye kiti katikati, pedali chini yake na usukani mbele, ndilo lililochukuliwa ndani ya nyumba. Halikuchaguliwa kwa ajili ya mazoezi. Lilichaguliwa kwa sababu watu walikuwa wamelizoea.

Matumizi ya awali ndani ya nyumba yalihusu wanamichezo. Waendeshaji wa mashindano, wakikwepa theluji na matope ya kipindi cha baridi, waliweka baiskeli zao juu ya rola tatu zinazozunguka na kukanyaga hapohapo. Rola hazina ugumu mwingi, ila zinadai mizani: anayeyumba huanguka. Karibu na mwaka 1900 zoezi hili liligeuka tamasha. Marshall Taylor, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli mwaka 1899, alipambana na mpinzani wake Charles Murphy jukwaani, katika kumbi za burudani, wote wawili wakikanyaga kwa kasi kubwa pasipo kusogea hata hatua moja huku mishale mikubwa ikiwaonyesha watazamaji nani yuko mbele. Meli ya Titanic iliposafiri Aprili 1912 ilikuwa na chumba cha mazoezi chenye ngamia wa umeme, farasi wa umeme na baiskeli za kufungwa sakafuni zilizounganishwa na saa kubwa ya kuonyesha umbali. Umbali huo, bila shaka, ulikuwa wa kufikirika. Mshale ulihesabu mizunguko tu, na mzunguko mwepesi ulilipwa sawa na mzito.

Katika miji ya Afrika Mashariki baiskeli iliyosimamishwa juu ya stendi imejulikana zaidi kwa mnoaji visu, anayekanyaga pedali ili jiwe lizunguke. Mtu akitaka kuielewa baiskeli ya mazoezi, na amtazame mnoaji: kisu kikigusa jiwe pedali huwa nzito, kikiondolewa huwa nyepesi, na jasho lake hufuata mgandamizo wa kisu wala halifuati kasi ya jiwe. Tofauti ni kwamba yeye hubakiwa na kisu kikali, ilhali kwenye baiskeli ya mazoezi nguvu yote huishia kuwa joto kwenye breki.

Joto hilo, na namna ya kulipima, lilikuwa kazi ya wanafiziolojia. Huko Marekani Francis Benedict na wenzake walitumia baiskeli yenye breki ya umeme ndani ya chumba kilichofungwa kabisa, ili kulinganisha chakula alichokula mtu, joto alilotoa na kazi aliyofanya. Maelezo ya mashine yao yalichapishwa mwaka 1912. Mwaka uliofuata August Krogh wa Copenhagen, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1920, alichapisha ya kwake. Sahani ya shaba nyekundu ilizunguka kati ya ncha za sumaku za umeme. Shaba haivutwi na sumaku, lakini ikipita kati yake kwa kasi huzaliwa ndani yake mikondo midogo ya umeme inayopinga mwendo uleule ulioizalisha. Hakuna kitu kinachogusa kingine, hakuna kinacholika, na mizani iliyounganishwa na sumaku huonyesha ni kani kiasi gani inayozuia. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotumika katika baiskeli nyingi za bei nzuri zinazouzwa sasa, miaka zaidi ya 100 baadaye.

Kwa chombo kinachopima kweli, maswali yakaanza kupata majibu, na baadhi yalishangaza. Mwaka 1929 Sylvia Dickinson alionyesha London kwamba mwili hutumia nishati kidogo zaidi kwa kazi ileile miguu ikizunguka polepole, kiasi cha mizunguko 33 kwa dakika. Waendesha baiskeli wenye uzoefu huchagua 80 hadi 100. Hakuna mgongano hapo kama inavyodhaniwa. Kukanyaga polepole kwa ugumu mkubwa huokoa oksijeni lakini huichosha misuli ya paja mapema. Kukanyaga haraka kwa ugumu mdogo huhamishia sehemu ya mzigo kwenye moyo na mapafu. Baiskeli inayomlazimisha mtu abaki upande mmoja tu, ama kwa sababu breki yake haishiki vya kutosha ama kwa sababu hukwama ghafla, inamnyima nusu ya faida.

Mwaka 1954 ulikuwa mwaka wa Sweden. Wilhelm von Döbeln alichapisha muundo wa baiskeli ya kupimia, ergometa, iliyokuwa rahisi kiasi kwamba fundi yeyote mwenye adabu ya kazi angeweza kuielewa. Mkanda ulizungushwa kwenye ukingo wa gurudumu la mbele na kukazwa. Gurudumu lilipojaribu kuuvuta mkanda, pendulamu yenye uzito ilipanda pembeni na kuonyesha kani kwenye kipimo kilichochorwa ubaoni. Haikuhitaji umeme. Kampuni ya Monark, iliyokuwa ikitengeneza baiskeli Varberg, ikaiingiza kiwandani.

Uzuri wa mashine hiyo uko katika hesabu yake. Uwiano wa gia na mzingo wa gurudumu vimepangwa ili mzunguko mmoja wa pedali usogeze ukingo wa gurudumu mita 6 kamili. Mtu akikanyaga mizunguko 50 kwa dakika, ukingo unasafiri mita 300. Mkanda ukikazwa mpaka pendulamu isome kilo 2, kazi ni kilo-mita 600 kwa dakika, sawa na takriban wati 100. Daktari aliweza kuifanya hesabu hiyo kichwani huku mgonjwa akiendelea kukanyaga, na aliweza kuihakiki mashine kwa kuning'iniza uzito unaojulikana kwenye mkanda na kuangalia pendulamu inasoma nini. Ni baiskeli chache sana zilizotengenezwa baadaye zinazompa mtumiaji nafasi ya kuikagua mashine yake kwa njia nyepesi namna hiyo.

Katika mwaka huohuo Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming walitoa chati ya kukadiria uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni kwa kupima mapigo ya moyo baada ya dakika chache, kama 6 hivi, za kukanyaga kwa ugumu wa kadiri. Mtu hakulazimika tena kusukumwa mpaka azimie ndipo ijulikane ana stamina kiasi gani. Kipimo hicho kiliingia majeshini, viwandani, mashuleni na hospitalini, na ndicho kilichoifanya baiskeli kuwa chombo cha kawaida cha kupimia moyo barani Ulaya, wakati Marekani ilielekea kwenye mashine ya kukimbilia. Tofauti hiyo ina matokeo yake: mtu asiyezoea baiskeli hupata kiwango cha chini cha oksijeni akiwa juu ya pedali kuliko anapokimbia, kwa sababu mapaja huchoka kabla moyo haujafika kikomo.

Wasweden wengine wawili, Holmgren na Mattsson, walikuja mwaka huo na wazo la kinyume. Ergometa yao ya umeme ilishikilia nguvu ileile bila kujali kasi: mkanyagaji akipunguza mwendo, breki hukaza; akiongeza, breki hulegea. Wodini jambo hili lilikuwa ahueni kubwa, maana mgonjwa hakuhitaji tena kushika kasi moja kwa kufuata mapigo ya metronomu, kifaa cha kupigia mdundo. Lakini kwa anayejifua hadi mwisho wa nguvu zake ni mtego. Anachoka, anapunguza kasi, pedali inazidi kuwa nzito, anapunguza tena, na baada ya sekunde chache anakwama kabisa. Mashine za kisasa zinazoongozwa na kompyuta zimerithi tabia hiyo, na waendeshaji wake huijua vizuri.

Breki ya mkanda nayo ilipata sifa upande wa nguvu za ghafla. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Taasisi ya Wingate nchini Israeli walitunga jaribio la sekunde 30, ambapo mtu hukanyaga kwa nguvu zake zote dhidi ya mzigo wa gramu 75 kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake. Anayepima kilo 70 huwekewa kilo 5 na robo. Sekunde 5 za mwanzo huonekana rahisi. Zile 10 za mwisho wengi hutamani kushuka. Jaribio hilo halifanyiki kwenye breki inayobadilika na kasi, kwa sababu shabaha yake ni kuona kasi inavyoporomoka mzigo ukibaki palepale.

Kipindi hichohicho baiskeli ilipelekwa angani. Kituo cha Skylab, mwaka 1973, kilikuwa na ergometa, na wanaanga wa kwanza walipewa mikanda ya kuwafunga kitini ili wasielee. Mikanda ilibana, ikaharibu mkao, na mazoezi yakawa mateso, hadi wakaamua kuiacha. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga baiskeli haina haja ya kiti: viatu hunaswa kwenye pedali, na hilo linatosha. Anga ilithibitisha kwa njia yake kwamba kazi ya kiti ni kubeba uzito na kuiweka nyonga mahali pake, na kwamba kitu chochote kinachoizuia nyonga kusogea inavyotaka huiba nguvu za miguu.

Nje ya maabara hali ilikuwa duni. Baiskeli zilizouzwa kwa matumizi ya nyumbani katika miaka ya 1960 na 1970, nyingi zikiwa za viwanda vilivyozoea baiskeli za barabarani kama Schwinn ya Chicago, zilikuwa na gurudumu jepesi, kipande cha kusugua kinachokazwa kwa skrubu, na mita ya kasi ya kuokotwa kwenye baiskeli za watoto. Gurudumu jepesi lina kasoro ambayo mtu huisikia miguuni kabla ya kuielewa. Mguu hausukumi kwa nguvu moja mzunguko mzima. Kuna sehemu mbili, pedali ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa, ambapo msukumo hukaribia sifuri. Gurudumu zito, lile ambalo mafundi wa magari huliita flaiwili, huhifadhi mwendo na kuivusha miguu sehemu hizo. Jepesi hupungua kasi kila mara na kushtuka tena, na goti hupokea mishtuko hiyo mara 60 au 80 kwa dakika. Baiskeli nyingi za aina hiyo ziliishia kutundikiwa nguo, na tusiwalaumu wenyewe kwa uvivu tu.

Suluhisho mojawapo lilikuwa feni. Airdyne ya Schwinn, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, iliweka mapanga ya feni badala ya gurudumu la mbele na kuongeza mikono miwili ya kusukuma na kuvuta. Hewa ni breki yenye tabia yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika huongezeka karibu mara 8. Hakuna skrubu ya kukaza wala namba ya kuchagua. Anayetaka zoezi jepesi apunguze kasi, anayetaka kuteseka aongeze, na katika kasi yoyote mashine haikosi jibu. Pia hewa haichakai, kwa hiyo baiskeli ya miaka 10 hutoa ugumu uleule wa siku ya kwanza. Kasoro ni makelele, na ukweli kwamba ugumu mkubwa kwa mwendo wa polepole haupatikani. Muundo huo umerudi kwa kishindo katika jimu za mazoezi makali, na wanaouchukia zaidi ndio wanaoutumia kila siku.

Njia nyingine ilikuwa umeme. Keene Dimick, mwanakemia wa California, alitengeneza baiskeli ya kielektroniki mwaka 1968 kwa haja zake mwenyewe. Mwaka 1977 Augie Nieto na Ray Wilson walianza kuiuza kwa majumba ya mazoezi kwa jina la Lifecycle. Jambo jipya lilikuwa kioo chenye safu za taa nyekundu zilizochora vilima: mkanyagaji aliona mwinuko unakuja, na ulipofika breki ilikaza yenyewe. Kupishanisha mzigo mzito na mwepesi kwa zamu, mafunzo ambayo hapo awali yalihitaji kocha na saa mkononi, sasa yalipatikana kwa kubonyeza kitufe. Kwa moyo na mapafu haya yalikuwa maendeleo ya kweli, si mapambo.

Hata hivyo, kioo kilikuja na namba ya kalori, na hapo ukweli ukaanza kulegea. Hesabu yenyewe si ngumu. Wati 100 kwa saa nzima ni kilojuli 360, yaani kilokalori 86 za kazi iliyofika kwenye pedali. Mwili hupeleka kwenye pedali kati ya asilimia 20 na 25 ya nishati unayoichoma. Iliyobaki hutoka kama joto. Kwa hiyo mkanyagaji amechoma kilokalori 345 hadi 430 hivi. Pengo hilo la ndani ya mwili peke yake ni kubwa, na hapo tumechukulia kwamba zile wati 100 zimepimwa sawasawa. Baiskeli isiyopima kani kwenye breki, inayohesabu mizunguko na kuizidisha kwa namba iliyopangwa kiwandani, hubahatisha juu ya kubahatisha. Ni saa ya Titanic iliyotiwa taa.

Baiskeli ya kuegemea, yenye kiti kipana na pedali zilizo mbele badala ya chini, iliingia sokoni kwa ajili ya waliochoshwa na kiti chembamba. Mgongo hupumzika, presha ya makalio hugawanyika, na mtu mwenye uzito mkubwa au aliyefanyiwa upasuaji hupanda na kushuka bila msaada. Gharama yake ni kwamba mtu hawezi kusimama juu ya pedali wala kutumia uzito wake, na kwa kawaida hafikii kilele kile anachokifikia akiwa wima. Kwa mzee wa miaka 70 biashara hiyo ni nzuri mno.

Mageuzi yaliyofuata yalifanywa na mwendeshaji wa baiskeli, si daktari wala mhandisi. Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia California, alikuwa akijiandaa kwa mbio ndefu za kuivuka Marekani nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alijiundia baiskeli ya ndani iliyomweka katika mkao uleule wa barabarani: kiti chembamba, usukani wa kuinamia, na gurudumu zito la chuma lililounganishwa moja kwa moja na pedali. Yeye na mwenzake John Baudhuin waliligeuza zoezi hilo kuwa darasa lenye muziki na mwalimu, wakalisajili kwa jina la Spinning, na katikati ya miaka ya 1990 Schwinn ikaanza kutengeneza baiskeli zake kwa wingi.

Uunganishaji huo wa moja kwa moja ndio uliobeba sifa na hatari ya muundo mzima. Gurudumu la kilo 18 au zaidi likishashika kasi haliachi pedali zipumzike. Linazunguka na miguu inalifuata. Mwendo unakuwa laini kuliko kwenye baiskeli yoyote ya nyumbani ya zamani, na mtu anaweza kusimama, kuinama na kupanda kilima cha kubuni kama barabarani. Lakini mgeni anayetoa mguu ghafla hupigwa na pedali kwenye muundi, na kwa sababu hiyo kila baiskeli ya namna hii ina kitufe cha kubonyeza chini ili breki ishike papo hapo. Hatari ya pili haina alama mwilini. Breki ikilegezwa kabisa, gurudumu zito huizungusha miguu mara 110 au 120 kwa dakika, muziki ukipiga na mwalimu akishangilia, huku misuli ikifanya kazi ndogo sana. Lowndes alimtaja mtoto wa kuzungusha miguu ya mfanyabiashara. Hapa anayeizungusha ni flaiwili.

Matangazo ya baiskeli hizi yalizaa imani kwamba gurudumu likiwa zito zaidi zoezi ni kali zaidi. Si kweli. Uzito wa gurudumu hufanya iwe vigumu kuanza na vigumu kusimama. Kasi ikishatulia, mzigo unatoka kwenye breki peke yake. Tena nishati inayohifadhiwa hufuata kasi kwa mraba, hivyo gurudumu jepesi linalozungushwa haraka kwa gia linaweza kuvusha miguu vizuri sawa na zito linalozunguka taratibu. Watengenezaji walioligundua hilo walihamisha gurudumu dogo nyuma, mbali na jasho linalodondoka, wakaacha pedi za kusugua na kurudi kwenye sumaku za Krogh. Pedi ya kitambaa au ngozi hulainika ikipata joto, huteleza ikipata mafuta, na huisha. Kwenye darasa la baiskeli 20 hapakuwa na mbili zenye ugumu unaolingana. Sumaku ziliondoa tofauti hiyo kwa sehemu kubwa, na darasa likaweza kuambiwa namba moja ikamaanisha kitu kinachokaribiana kwa kila mtu.

Upande wa kiti utafiti umekuwepo muda mrefu kuliko utekelezaji. Mwaka 1967 Hamley na Thomas walionyesha nchini Uingereza kwamba nguvu kubwa hupatikana pale umbali wa kutoka pedali ya chini hadi juu ya kiti unapokuwa asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani. Mwenye mguu wa sentimita 80 anahitaji kiti kiwe sentimita 87 juu ya pedali. Kiti kikishuka, goti hukunjwa mno na pia ya goti hubanwa kila pedali inapopanda. Kikizidi, nyonga huyumba kushoto na kulia zikiitafuta pedali, na mgongo wa chini ndio unaolipa. Lengo la kawaida ni goti kubaki limekunjwa nyuzi 25 hadi 35 mguu ukiwa chini kabisa. Baiskeli za bei nafuu zenye matundu machache ya kuingizia pini mara nyingi hazimruhusu mtu mfupi sana wala mrefu sana kufika hapo.

Upana kati ya pedali nao hupuuzwa. Kwenye baiskeli ya barabarani pedali huachana kwa milimita 150 hivi. Kwenye nyingi za ndani, kwa sababu mkanda, breki na kifuniko vinahitaji nafasi, upana hukaribia 200, na mwenye nyonga nyembamba hukanyaga miguu ikiwa imetanuka. Mikono ya pedali nayo huja kwa urefu mmoja, kwa kawaida milimita 170, iwe mtumiaji ana urefu wa sentimita 150 au 190.

Muongo uliopita nguvu nyingi za wabunifu zimeelekezwa kwenye skrini. Peloton ilianzishwa New York mwaka 2012 na kuanza kufikisha baiskeli zake majumbani mwaka 2014, ikiuza chuma, sumaku na darasa la video kwa pamoja. Katika miezi ya kufungiwa ndani kwa sababu ya korona mwaka 2020 mahitaji yaliupita uwezo wa viwanda. Mchango wake katika ubora wa mazoezi ni wa kweli: watu hurudi kukanyaga kwa sababu kuna wenzao na kuna mwalimu, na zoezi linalorudiwa mara tatu kwa wiki hushinda lile kamilifu linaloachwa baada ya mwezi. Lakini Mei 2023 kampuni hiyo ililazimika kuwaita wateja wa baiskeli kama milioni 2.2 nchini Marekani, kwa sababu nguzo ya kiti iliweza kukatika mtu akiwa juu yake. Tiba ilikuwa nguzo mpya, iliyotumwa bure kwa posta, ambayo mteja aliibadilisha mwenyewe nyumbani.

Viwango vya kimataifa sasa vinazungumzia baiskeli hizi moja kwa moja. ISO 20957, katika sehemu yake ya 5, inashughulikia uthabiti, sehemu za kuzunguka zinazoweza kunasa vidole, na usahihi wa namba zinazoonyeshwa, na huzipanga mashine kwa matumizi ya nyumbani au ya jimu na kwa madaraja ya usahihi A, B na C. Daraja A ndilo lenye usahihi wa juu, na C ndilo la chini kabisa. Herufi hizo huandikwa kwenye kibandiko cha mashine, karibu na namba ya uzito wa juu kabisa wa mtumiaji, mahali ambapo mnunuzi hawezi kupaona mpaka ainame.